Jirani amemwaga vitumbua vyangu: nimfuate au ninyamaze?

SWALI

Mimi ni mama wa watoto wawili, Mlutheri, kwetu Njombe. Tumepanga vyumba viwili Tandika, Dar es Salaam, huu ni mwaka wa tatu. Uani tuko kaya tano, nne za Kiislamu, na hatujawahi kugombana. Ramadhani yote jirani wa mlango wa pili alinitumia futari, leo tambi, kesho maharage ya nazi. Ilipofika Pasaka nikapika vitumbua, nikajaza sahani yake, nikamtuma binti yangu wa miaka 8. Jioni mtoto akaniambia amemwona yule mama akivimwaga kwenye ndoo ya maganda, na mtoto wa pale amemwambia, "Nyie mnakula kitimoto, vyombo vyenu najisi." Ni kweli mume wangu anakula kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, lakini anakula hukohuko baa, sijawahi kukipika nyumbani. Mume anataka tuhame, tutafute mtaa wa wenzetu. Nilipoeleza kwenye jumuiya kila mtu akatoa hadithi yake ya Waislamu, wakaitwa kobazi, wakaitwa wavivu wa shule, tukacheka. Na mimi nilicheka, ila usiku sikulala. Kazini kwetu nako kuna msichana wa ushungi aliyeondolewa mapokezi, bosi akasema wateja wanataka "sura ya kisasa", na sote tukanyamaza. Nimfuate jirani au ninyamaze? Mtoto nimwambie nini? Sahani yake nyingine ya futari bado iko kabatini kwangu.

JIBU

Dada yangu, nianze na sahani. Huku pwani jirani akikuletea chakula, sahani yake hairudi tupu. Inaoshwa, inawekwa, inasubiri siku utakayopika kitu. Wewe mtu wa Njombe uliijua desturi hiyo, ukaitimiza kwa moyo mweupe, ndiyo maana imekuuma hivi. Aliyemwaga vitumbua vyako ndiye aliyekulisha mwezi mzima. Mambo hayo mawili yametoka mkono mmoja, na nakuomba uyashike yote mawili wakati unanisoma, kwa sababu kila kosa ninalokuona unakaribia kulifanya linaanzia pale unaposhika moja ukaliacha jingine.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka 23, mingi yake hapo hapo Temeke. Mafaili yaliyofika mezani kwangu yaliandikwa "ugomvi wa wapangaji", "matusi", "watoto kupigana", "deni la LUKU". Ukikaa na wahusika nusu saa unagundua kwamba kilichowagombanisha si umeme. Mmoja alisikia jirani akimwita kafiri. Mwingine aliambiwa aondoe kanga zake kwenye kamba ya pamoja kwa sababu "zimesomewa". Katika miaka yote hiyo sikumbuki mtu aliyeingia ofisini akasema, "Nimebaguliwa kwa dini yangu." Tumelelewa tukiambiwa jambo hilo halipo kwetu, na kwamba kulitaja ni kulialika. Hata sensa haijamuuliza Mtanzania dini yake tangu ile ya 1967, na sababu za uamuzi ule naziheshimu. Ila majumbani hesabu inaendelea: rais huyu wa dini gani, aliyepita alikuwa wa dini gani, bosi mpya ameingia na kina nani. Kwa hiyo tuna mji ambao watu wanahesabiana kimyakimya, na hawana maneno ya kuambiana siku mmoja anapomkwaza mwenzake.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Tanga. Nalisema mapema ujue naongea nikiwa nimekaa upande gani wa ua.

Nyumbani kwa bibi yangu, Ngamiani, kulikuwa na kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu. Hakikukaa kabatini na vingine. Kilitundikwa peke yake kwenye msumari, karibu na mlango wa uani. Kilikuwa cha mpangaji wetu, mwalimu, Mbondei wa Muheza, Mwanglikana. Bibi alimpenda sana mwalimu yule. Akiugua alimpikia uji, akichelewa kurudi alimuulizia. Kila jioni mwalimu alikaa barazani akanywa chai, na chai yake ilimiminwa kwenye kikombe kile. Nilikuwa na miaka 9 nilipouliza kwa nini mwalimu hapewi vikombe vya maua vya wageni. Bibi alinishika sikio, akaninong'oneza, "Mdomo ule unapita kila kitu." Hakusema kwa chuki. Alisema kama anavyomwambia mtoto asisogelee jiko.

Miaka mingi baadaye, mwalimu akiwa mzee kabisa, niliona aibu nikamtajia kile kikombe. Alikuwa anajua siku zote. Aliniambia kila alipofika barazani macho yake yalikwenda kwanza msumarini. Akikiona kikombe alijua amekaribishwa, na hapohapo alijua amekaribishwa mpaka wapi.

Kwa hiyo jirani yako namfahamu, nimelelewa na mtu kama yeye, na naweza kukueleza kilichopita kichwani mwake. Waislamu wengi wa pwani hii tunafuata madhehebu ya Shafii. Katika fikihi ya Shafii nguruwe, kama mbwa, ni najisi nzito: chombo kilichoguswa naye huoshwa mara 7, na moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Mama aliyefundishwa hivyo tangu utotoni, akipokea vitumbua kutoka nyumba ambayo baba wa humo anajulikana kwa kitimoto, anakiwaza kile chuma cha vitumbua. Anawaza na mafuta. Moyo unasita. Kusita huko ni ibada yake, hakukulengi wewe.

Lakini dini hiyohiyo ina maneno mengine. Kurani, sura ya Al-Maida, aya ya 5, inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu, na chetu ni halali kwao. Wanazuoni wameweka mipaka yake, nguruwe, pombe, namna ya kuchinja. Vitumbua ni mchele, nazi, sukari, hamira na iliki, hakuna hapo kilichokatazwa. Kilichobaki ilikuwa shaka ya chombo, na shaka ya chombo huondolewa kwa kuuliza tu: "Jirani, samahani, chuma hiki huwa mnakitumia kwa nini kingine?" Hakuuliza, kwa sababu kuuliza kunatia haya. Akachagua ndoo ya maganda, akidhani ataokoa uso wako na wake, kumbe mtoto yuko mlangoni anatazama.

Mimi hutenganisha kujizuia na kudharau. Asipokula vitumbua vyako anajizuia, na hilo ni lake. Mtoto wenu akiambiwa nyie ni najisi, hapo kuna dharau, na hilo ni lako kulisemea. Ukimwendea na hasira ya lile la kwanza utamwonea. Ukilinyamazia la pili utamwacha binti yako peke yake na lile neno.

Na usidhani ndoo hiyo ni ya Waislamu peke yao. Nimesuluhisha nyumba moja ambako akina mama waliookoka walikuwa wakipokea pilau ya Idi kwa tabasamu, wanafunga mlango, wanaimwaga, kwa kuwa "imeombewa kwa majini". Mchungaji wao ndiye aliyewakataza. Niliwasomea barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 10, pale anapowaambia kwamba wakialikwa na asiyeamini wale wanachowekewa bila kuulizauliza. Walinitazama sana, Mwislamu kuwafungulia Biblia. Mmoja alilia. Jirani aliyekuwa akiwaletea pilau alikuwa amejua zamani, kuku wa uani walimwonyesha.

Basi, umfuate. Usimtume mjumbe wala baba mwenye nyumba, wala usiandike kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, maana humo neno moja linasomwa na watu thelathini, na kila mmoja anatafuta upande wake. Nenda mwenyewe, baada ya alasiri, jua likiwa limepoa, kabla jiko halijawashwa. Akiwa anachambua mchele, kaa umsaidie. Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kugongana. Usiende saa ya foleni ya bomba, kila mtu ameinua sikio.

Maneno yawe machache. Mimi ningesema hivi: "Jirani, kuna jambo linanisumbua na nimeona nikuletee mwenyewe. Siku ile ya Pasaka mwanangu aliona vitumbua vikimwagwa. Kutokula sikulaumu, najua dini yako ina mambo yake. Ila mtoto ameambiwa sisi ni najisi, na neno hilo limemkaa. Nimekuja tuzungumze." Usiongeze "sijamwambia mtu mwingine", kwa sababu umeshaiambia jumuiya nzima, na Tandika habari hazikawii. Usianze na "nyie Waislamu". Ukisema "nyie" utakuwa umewaita uani watu ambao hawakumwaga chochote, na yeye itambidi awatetee wote.

Ukimaliza, nyamaza. Hapa wengi hushindwa, kimya kinawatisha, wanaanza kujibu wenyewe. Mwache. Uzoefu wangu ni kwamba jibu la kwanza huwa la kukwepa, "Aa, watoto hao!", na la pili, ukisubiri, huwa la kweli. Akishakuwa tayari kusikia mwambie kitimoto hakijawahi kuingia kwenye sufuria zako. Mwambie kama habari anayoihitaji, sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mtu mafuta ya taa yako wapi. Huna kosa la kujitetea. Mumeo kula anachokula ni haki yake, na usimwombee msamaha.

Kisha muulize anataka iweje huko mbele. Anaweza kusema ukiwa na sufuria ya pembeni atakula. Anaweza kusema bora msipeane vya kupikwa, mpeane matunda. Yote mawili yapokee, hayakupunguzii kitu. Mji huu unaishi kwa makubaliano kama hayo kila siku, ila hatuyataji. Nimekwenda harusi Kurasini, mama wa bwana harusi Mkatoliki wa rozari kila jioni, akamgongea jirani yake mzee alfajiri aje awachinje mbuzi wote wanne, ili wageni wale kwenye chungu kimoja. Mzee akachinja, akaenda zake kuswali, mchana akarudi na kanzu safi akakaa meza ya mbele. Hakuna aliyeona kuwa kanisa limeinamia msikiti. Mama yule alitaka wageni wake washibe.

Akikujibu vibaya nako kunawezekana. Sema, "Sawa, nimekusikia. Lakini mwanangu asiambiwe hivyo tena," uondoke. Likirudiwa, tafuta mama wa Kiislamu hapo uani unayemwamini, mwende pamoja kwa imamu wa msikiti wa mtaa kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Haki ya jirani katika Uislamu ni kubwa mno, na imamu ataisema kwa uzito ambao ofisa wa serikali hana. Sheria pia ipo, Kanuni ya Adhabu inayahesabu kuwa kosa maneno yanayokusudiwa kuumiza imani ya mtu. Ila nimeona ua ambao mpangaji mmoja alimpeleka mwenzake polisi kwa neno moja. Hawakusalimiana tena mpaka mmoja alipohama.

Nije kwa mtoto, maana hapa sitaki ukawie hata siku mbili.

Mbagala si mbali na kwako. Oktoba 2012 watoto wawili walibishana pale juu ya yatakayompata mtu anayeidharau Kurani, na mmoja wao akaikojolea. Umati ukaenda polisi ukitaka ukabidhiwe mtoto. Ulipokataliwa, makanisa kadhaa yakavamiwa, mengine yakachomwa moto. Kilichoanza kati ya watoto wawili kikafika pale ndani ya muda mfupi. Na kitimoto nacho kina historia yake katika jiji hili, Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2013 huko Buseresere, Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa uliishia kwa mchungaji kuuawa. Sikuelezi haya ili nikutishe uone moto kwenye kila ndoo ya maganda. Nakueleza kwa sababu kila nikiikumbuka Mbagala nawaza ule ubishi wa mwanzo. Watoto hawatungi maneno kama yale. Kila mmoja alikuwa ameyasikia kwa mtu mzima, jikoni, kwenye foleni, kwenye spika, na akayabeba kama mtoto anavyobeba kisu asichojua makali yake.

Kwa hiyo binti yako asibaki na neno "najisi" peke yake usiku. Mketishe, umwambie kwa lugha ya umri wake: "Dini ya jirani inamkataza nguruwe, na hakujua kama vyombo vyetu vimepikiwa nguruwe. Ilifaa aulize. Hakuuliza, na kumwaga vile ukiwa unaona alikosea. Wewe si najisi. Mwenzako naye si najisi. Akikuambia tena, mjibu 'Mama amesema si kweli', uendelee kucheza. Na wewe usimrudishie neno la dini yake hata akikuudhi." Usimkataze kwenda mlango wa pili. Muulize pia wanaambiana nini shuleni, hasa siku za kipindi cha dini, watoto wanapotenganishwa, hawa chumba hiki, wale chumba kile. Muulize kwa upole halafu umsikilize mpaka mwisho. Utashangaa anajua mangapi.

Sasa kicheko cha jumuiya. Umekitaja mwenyewe bila kuulizwa, na sababu ya kukosa usingizi nadhani unaijua kuliko mimi. Niruhusu niseme wazi.

Watu wa pale, ukiwauliza, watakwambia ulikuwa utani. Utani Watanzania tunaujua vizuri. Mngoni na Mhehe waliuana vitani, wajukuu zao wakawa watani, wanatukanana mpaka mgeni anadhani watashikana. Yanga na Simba ni hivyohivyo. Lakini utani una masharti. Mtani wako yupo mbele yako anakusikia, na zamu yake ikifika anakurudishia vilevile, nawe huruhusiwi kununa. Na siku ya msiba wako mtani ndiye anayefika mapema, anashika jembe, anapika, anakutania hata kaburini ili usivunjike. Aliye na deni hilo kwako ndiye mwenye ruhusa ya kukucheka. Pale jumuiya hakukuwa na Mwislamu hata mmoja wa kurudisha. Mkamcheka mtu aliyeko nyumbani kwake, ambaye siku mtakapofiwa atatoa viti na jamvi.

"Kobazi", jina la ndala limegeuzwa jina la watu. Upande wetu tunawaita Wakristo "wagalatia". Nimelisikia kwenye shughuli za ndugu zangu mwenyewe, likitupwa juu ya mashemeji waliokuja kutusaidia kupika, na mara ya kwanza nilinyamaza kama wewe. Mara ya pili nilisema, "Aliyeosha hizo sufuria mnazolia ni Mgalatia gani?" Kukawa kimya. Sikupendwa jioni ile.

Na lile la uvivu wa shule naomba ulijue lilikotoka, ukisikia tena uwe na la kujibu. Enzi za mkoloni shule nyingi zilikuwa za misheni. Mzazi wa Kiislamu aliyempeleka mwanawe kule aliogopa, na mara nyingi kwa haki, kwamba atarudishiwa mtoto mwenye jina jingine na dini nyingine. Wengi wakawaacha watoto madrasa. Uhuru ulipokuja 1961 waliokuwa na vyeti vya kuingia maofisini walikuwa Wakristo wengi kuliko sisi, na kidonda kile hakijapona chote. Serikali ilizichukua shule za misheni kwa sheria ya 1969 ili watoto wa dini zote wakae dawati moja. Baba aliyekataa kumbadilisha mwanawe dini kwa ajili ya dawati hakuwa mvivu. Na tukumbuke hao wa Kariakoo wasio na vyeti walifanya nini. TANU ilipoundwa 1954, mwalimu Mkatoliki aliyekuwa akifundisha Pugu alipokelewa na wazee wa Kiislamu wa mjini, na aliyewatoa akina mama majumbani wajiunge na chama alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwanamke Mwislamu ambaye shule yake haikufika mbali. Nchi unayoipanga vyumba viwili ndani yake ilijengwa kwenye baraza za namna hiyo.

Rudi jumuiya. Usiende na hotuba. Wiki hii au ijayo, kabla ya sala ya kufunga, sema, "Ile habari ya jirani yangu niliieleza nusu." Uliwaeleza ndoo ya maganda. Je, uliwaeleza tambi? Uliwaeleza mama aliyekuwa na njaa tangu alfajiri, anasimama jikoni, anapakua, na sahani ya kwanza kutoka ni ya kwako usiyefunga? Waeleze hiyo nusu, useme ulicheka na hukupaswa kucheka, ukae chini. Mmoja atakuja kukufuata baadaye na hadithi yake, na safari hii haitakuwa ya kuchekesha.

Suala la kazini nitalijibu kwa ufupi, maana sheria yake haina utata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa dini yake, na Katiba ibara ya 13 na ya 19 zinasimama nyuma yake. Mambo ya "sura ya kisasa" ni ya kutungwa. Ushungi hauzuii mtu kupokea simu. Anza kwa kumuuliza msichana mwenyewe anataka nini, pengine hataki kelele. Akitaka kudai, malalamiko yaandikwe kwa mwajiri, na yakishindikana apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Atahitaji mtu aliyesikia bosi akisema maneno yale, na wewe ulisikia. Andika leo tarehe na maneno yenyewe kwenye daftari, kabla kumbukumbu haijalegea.

Mumeo namuelewa. Mwanaume akisikia mwanawe ameitwa najisi, jambo la kwanza ni kubeba magodoro. Muulize tu huo mtaa wa wenzenu uko wapi. Madalali siku hizi wanakuuliza dini kabla hawajakutajia kodi, na kila mtu anayekubali swali hilo analiongezea nguvu. Hata ukiupata, utakuta uani kuna mlokole anayekwambia Walutheri hamjaokoka, na mama anayesema watu wa Njombe wako hivi na vile. Kama kuna vitisho, mtoto anapigwa au mlango unagongwa usiku, hameni na msiangalie nyuma. Kwa ulichonieleza sioni hayo. Naona kaya tano zilizokaa miaka mitatu bila ugomvi na hazijawahi kuulizana swali moja.

Mwambie pia aende kumsalimia baba wa mlango wa pili. Asitaje vitumbua. Wanaume waongee ya mpira, wajuane sauti, ili ninyi wawili mtakapokuwa mnazungumza, nyuma yenu kusiwe na wawili wanaonuniana.

Imebaki sahani ya kabatini. Isikae humo, kila siku inayopita jirani anaihesabu naye. Machungwa ya Muheza yakiingia sokoni Tandika, nunua ya shilingi elfu mbili, uyaoshe, uyapange juu yake. Chungwa halijapita kwenye sufuria ya mtu, atamenya mwenyewe. Siku hiyo ndiyo uende na yale maneno yako. Binti yako usimtume tena peke yake, nenda naye. Sahani shika wewe, na mkifika mlangoni mwache yeye apige hodi.